Kila Mkulima Mstari Wake

Jumatano, wiki ya kwanza ya Desemba. Mtinko. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa kutupa vumbi machoni. Mawingu yamejaa upande wa Mgori na watu wanasema huko imeshanyesha mara mbili. Huku kwetu hata tone.

Nina hasira. Naiandika mapema nisije nikajifanya baadaye kwamba nilikuwa mtulivu.

Kwa anayesoma shajara hii mtandaoni mara ya kwanza: mimi ni karani wa chama cha wakulima wa alizeti. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kompyuta miezi mitatu mjini, nikapata kazi hii, na ninaipenda. Ofisi yetu ina vyumba viwili, meza mbili, benchi moja na kompyuta moja. Mwenye kuitumia kompyuta ni mimi. Mwenye kuigusa bila kuijua ni Katibu.

Nitafika huko.

Msimu huu zinakuja mbegu bora za alizeti, mfuko mmoja kwa kila mkulima aliye kwenye orodha ya chama. Orodha inatakiwa mkoani Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Inapokelewa na mfumo wa kompyuta, na mfumo huo una sharti moja tu: mkulima mmoja, mstari mmoja. Jina lake lote, kitongoji, ekari, namba ya simu, vyote vikae kwenye mstari huo huo. Kisanduku kimoja kikiwa kitupu, mstari mzima unatupwa. Namba ya simu ikijirudia, wa pili anatupwa. Hakuna anayekuandikia kwamba umetupwa. Utajua siku ya lori, ukiwa umesimama na gunia lako tupu.

Na mvua haisubiri mtu arekebishe orodha. Mwaka jana wengi walipanda mbegu ya kujiwekea. Alizeti ikatoa vichwa vikubwa vya kupendeza, ndani mapepe matupu. Mtu alipukuchua siku nzima akapata ndoo.

Sasa hiyo orodha.

Wakulima wetu wameandikwa kwenye madaftari makubwa ya jalada gumu, kila kijiji na lake, vijiji vinne. Miezi miwili iliyopita alikuja mtaalamu kutoka mjini, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Alikaa siku mbili, akapiga picha kurasa zote, akaondoka. Baada ya wiki akatuma faili na ujumbe wa maneno mawili: Kazi imekamilika.

Imekamilika wapi?

Kwenye madaftari yetu nafasi ya jina ni nyembamba. Kwa hiyo karani wa kijiji anaandika jina kwenye mstari wa kwanza, kitongoji na ekari kwenye mstari wa pili, simu kwenye mstari wa tatu. Jicho la mtu linajua kwamba mistari hiyo mitatu ni mkulima mmoja. Kompyuta haijui. Programu ya mtaalamu ilichukua kila mstari wa wino ikaufanya mtu. Tuna wakulima mia tatu themanini na kitu. Faili lilikuja na mistari elfu moja mia moja. Ukilisoma kama lilivyo, chama chetu kina mwanachama anaitwa Ekari Mbili, na jirani yake anaitwa Sifuri Saba.

Nilimpigia Jumatatu asubuhi.

"Da Editha, hiyo ishu ndogo sana," akasema. "Chuja mistari yenye visanduku vitupu, futa yote, umemaliza."

"Nikiifuta hiyo nafuta simu na ekari za watu wote. Yatabaki majina."

"Aah. Basi iache, nitaiangalia nikipata bando."

"Lini?"

"Niko fildi, dada."

Mpaka leo bando halijapatikana.

Nikaanza mwenyewe. Nina utaratibu wangu, na nauandika hapa kwa sababu najua wapo makarani wengine wanateseka na mafaili ya namna hii. Kwanza unaongeza safu mpya mwanzoni kabisa, unaweka namba kutoka moja mpaka mstari wa mwisho, ili kila mstari ujue ulikotoka. Pili, unaongeza safu nyingine na kuandika namba ya mwenye mstari. Mistari mitatu ya mtu mmoja inapata namba moja. Tatu, unavuta kitongoji, ekari na simu kuzipandisha kwenye mstari wa jina, kila kitu kwenye safu yake. Nne, unafungua daftari, unaweka rula chini ya jina, unahakiki. Kufuta mistari iliyobaki mitupu ni kazi ya mwisho kabisa. Hapo ndipo watu wanapoharakisha.

Kijiji cha kwanza, wakulima mia moja na thelathini, nilikimaliza Jumatatu ile ile. Jana, saa nne kasorobo, nikafungua cha pili. Saa nne nikaenda kunywa chai.

Chai tu. Na maandazi mawili.

Niliporudi, Katibu wetu, Bwana Kitundu, alikuwa kwenye kiti changu na uso umejaa furaha. Lazima nimtendee haki: si mtu mbaya. Ni mtu anayependa vitu vionekane vimenyooka. Akiona viti vya mkutano vimekaa ovyo hawezi kuongea mpaka avipange.

"Nimekurahisishia kazi," akasema. "Ilikuwa vurugu mno. Nimepanga A mpaka Z, nimehifadhi, nimefunga. Sasa inasomeka kama mahudhurio ya darasa."

Nikafungua.

Namba zote za simu zilikuwa zimepanda juu, peke yake, bila wenyewe. Zikafuata ekari, nazo bila wenyewe. Halafu majina, yamejipanga vizuri sana, yakiwa uchi. Na katikati kulikuwa na rundo la zile alama mbili ndogo ambazo makarani wetu huweka pale wasipotaka kurudia neno, zile za "kama juu". Mia moja na kumi na sita, nimezihesabu, zote zimekaa pamoja. Kama juu. Juu yake kama juu. Juu yake tena kama juu. Unapanda mpaka mwanzo wa rundo unakuta ekari mbili na nusu za mtu asiyejulikana.

"Katibu, umefanya nini?"

"Nimepanga."

"Umepanga nini?"

"Alfabeti, Editha. Si umesoma wewe? Au cheti chako ni cha kushona?"

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya ofisi penye kivuli, nikahesabu mpaka hamsini. Kisha nikarudi.

Kijiji cha kwanza kilipona, kwa sababu ya zile namba nilizoweka mwanzoni. Nililipanga jedwali lake kwa kufuata namba, kila kitu kikarudi nyumbani kwake. Majedwali ya vijiji vitatu yalikuwa bado hayana namba, hata lile la pili nililokuwa nimelifungua tu. Nikamwomba Katibu faili la awali, lile lililotumwa kwenye simu yake. Akanieleza kwamba simu ilikuwa imejaa video za harusi ya shemeji yake, akafuta vitu.

Vitu.

Na hapa naandika ukweli wangu, kwa sababu shajara ya kuwasema wengine tu ni umbea. Mimi, ninayejisifu kwa utaratibu, sikutengeneza nakala. Nilijiambia nitatengeneza nikimaliza kijiji cha pili. Hilo ni langu, si la Katibu wala la mtaalamu.

Basi tangu jana mchana naandika upya kutoka kwenye madaftari, mkono kwa mkono, rula chini ya kila jina. Wakulima mia mbili na hamsini. Ni kazi ya kuchosha shingo, lakini imenionyesha kitu ambacho nisingekiona kwa njia nyingine.

Ukiwa unanakili haraka, alama ya kama juu inapita tu. Ukitakiwa kuiandika kwa maneno kamili, inabidi ujiulize: juu kuna nini? Na hapo nikaanza kuona ni nani hasa anayewekewa alama hizo. Kitongoji anaweza kuwekewa yeyote, sawa. Lakini ukurasa kwa ukurasa nakuta hivi: jina la mwanamume, limeandikwa lote matatu, ekari zake, simu yake. Chini yake, "Zaituni". Jina moja. Halafu alama, alama, alama, alama. Jina la baba, kama juu. Kitongoji, kama juu. Ekari, kama juu. Simu, kama juu.

Wake. Wanawake hamsini na nane katika madaftari matatu; karani wa kijiji cha kwanza huandika kila kitu kwa maneno.

Mtu wa mbali anaweza kusema ni sawa, mume na mke ni kitu kimoja. Asiyejua asiseme. Huku kwetu mwenye wake wawili au watatu, kila mke ana nyumba yake, ghala lake na shamba lake. Analima mwenyewe na watoto wake, anavuna mwenyewe, na mume akitaka kuchota kwenye ghala hilo anabisha hodi. Kila mtu anajua hivyo. Karani aliyeweka alama anajua hivyo. Mama yake alikuwa na ghala lake.

Leo saa nne asubuhi Zaituni mwenyewe akaingia ofisini.

Sikumwita. Alikuja kwa miguu kutoka kitongoji cha juu baada ya kusikia kwamba majina yanaandikwa. Ni mama wa umri wa mama yangu, mke wa pili wa Mzee Mkumbo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi, akapangusa vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Jina langu limo, mwanangu?"

Nikamfungulia daftari ukurasa wake. Anasoma kidogo, kwa kidole.

"Hapa ni mzee. Hapa ni mimi. Na hivi vidudu?"

"Vinamaanisha kama juu, mama."

"Kama juu nini?"

"Kama mzee. Kitongoji kama chake, ekari kama zake."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Ekari kama zake! Mzee ana ekari mbili, na moja imeota miiba, analima kwa mdomo. Mimi nina tatu na nusu, nimezipiga kwa jembe la ng'ombe, zinangoja mbegu. Nani kaandika huu uongo?"

Nikaweka kalamu chini. Kumbe alama zile hata si za kweli. Hakuna aliyempima, hakuna aliyemuuliza. Karani aliona mke, akachora vijistari viwili, akafunua ukurasa.

Na nani alimfundisha karani?

Mimi.

Hili nimelibeba siku nzima. Miaka miwili iliyopita tuliwaita makarani wa vijiji kwa mafunzo ya siku moja, nikasimama mbele na chaki. Nikawaambia msipoteze wino wala muda. Kinachofanana na cha juu, wekeni alama. Walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani najiona mwalimu. Sikuwaambia wahakikishe kama kweli kinafanana. Niliona ni jambo lililo wazi. Kwa hiyo hasira yangu ya leo ina pande nyingi, na upande mmoja unanitazama mimi.

Sikumwambia Zaituni. Nilikosa ujasiri. Namwambia hapa.

Katibu akaingia wakati huo, akachungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Bado uko hapo? Ijumaa utaiwahi vipi ukiandika na wake? Unganisha. Sharti si linasema mstari mmoja? Kaya moja, mstari mmoja. Jina la mzee linatosha."

"Linasema mkulima mmoja, Katibu. Hili hapa karatasini. Neno kaya halimo."

"Mkulima ndiye mwenye kaya."

"Huyu mama ana ekari tatu na nusu."

"Za mumewe."

Zaituni hakuinua sauti. Alisema tu, akiwa bado anaangalia daftari, "Katibu, ile alizeti niliyoileta hapa mwezi wa sita, ulipoipima ulisema asante mzee au asante mama?"

Katibu akakohoa. "Mama, haya ni mambo ya mfumo."

Mambo ya mfumo! Nimeyasikia maneno hayo mara ngapi mwaka huu? Mtu akiwa hana jibu, mfumo. Mtu akiwa hataki kusumbuka, mfumo. Mfumo haukuuliza nani ni mke wa nani. Mfumo umeuliza nani analima, wapi, ekari ngapi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, kompyuta imeuliza swali la haki kuliko sisi, na sisi tunataka kuifundisha uvivu wetu.

Nilimwambia Katibu sitaunganisha mpaka Mwenyekiti aseme. Akasema nenda basi, na usisahau mkataba wako unaisha mwezi wa pili. Alilisema kwa tabasamu, kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Nikachukua daftari la kijiji cha Mwenyekiti, nikamwomba Zaituni anisubiri, nikaenda.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Ntandu. Nilimkuta uani kwake anafunga kamba mpya kwenye nira ya ng'ombe. Nyumba tatu zinatazamana pale uani, kila moja na moshi wake, maana Mzee Ntandu ana wake watatu. Nikamwamkia, nikaonyeshwa kigoda, nikaeleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza bila kuacha kazi yake.

"Katibu amesoma," akasema mwishowe. "Msikilize tu. Mambo madogo haya."

Nikafungua daftari ukurasa wenye jina lake, nikamwekea mapajani.

"Baba, kwa maneno ya Katibu, hapa kwako utakuwa mstari mmoja. Kila mstari unapata mfuko mmoja."

"Mfuko mmoja wa mbegu?"

"Mmoja."

Mikono ikasimama. Na kwa bahati, au kwa sababu hakuna neno linalosemwa uani bila kusikika, mke mkubwa akachungulia kutoka jikoni kwake.

"Mfuko mmoja wa nani?"

"Wa Baba," akajibu mke mdogo kutoka nyumba ya pili, ambaye nilidhani amelala. "Ataupanda mwenyewe, si ana nguvu."

"Na palizi apalilie mwenyewe," akasema wa tatu. Huyo sikumwona kabisa, nilimsikia tu.

"Mmenisikia nikisema kitu?" Mzee Ntandu akafoka. "Nimesema kitu mimi?" Akanirudishia daftari kama limemuunguza. "Kila mmoja na mstari wake. Mwambie Katibu nimesema mimi. Akibisha, aje yeye agawe huo mfuko hapa, kijiko kwa kijiko, na alale hapa hapa aone."

Nilishukuru, nikaaga, nikatoka. Nilipaswa kufurahi.

Sikufurahi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakanyaga vumbi kwa kisigino. Nimepata nilichokitaka, lakini si kwa sababu Zaituni ana ekari tatu na nusu. Si kwa sababu ni kweli. Nimepata kwa sababu mzee mmoja hataki kelele uani kwake. Kama angekuwa na mke mmoja mpole, wanawake hamsini na nane wangefutwa leo saa sita na hakuna ambaye angejua mpaka siku ya lori. Hivi ndivyo haki ya watu inavyoamuliwa? Na mimi nilijua. Nilichagua ukurasa ule makusudi. Sikujaribu hata kumwambia habari za haki, nilienda moja kwa moja kwenye hofu yake.

Ningefanya tena.

Katibu alipokea maneno ya Mwenyekiti bila ubishi. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Lakini mstari usio na namba ya simu utatupwa, na namba ya mume ikiwekwa mara mbili itatupwa. Hapo usije ukasema ni Kitundu."

Na hapo, kusema kweli, hakukosea. Nilipitia wale hamsini na nane. Kumi na saba tunazo simu zao kwenye daftari la kupimia alizeti; hao nitawauliza ekari zao kwa simu. Arobaini na mmoja hatuna. Akiwemo Zaituni, ambaye bado alikuwa kwenye benchi, viatu amevivua, anajipepea kwa karatasi ya matangazo ya mkutano uliopita.

"Mama, una simu?"

"Simu sina," akasema. "Laini ninayo."

Akafungua fundo kwenye pindo la kanga. Ndani kulikuwa na kipande cha nailoni kimekunjwa mara nne, na ndani ya nailoni, laini. Huwa anaitia kwenye simu ya jirani anapotaka kuongea na binti yake aliyeolewa Manyoni. Namba yake haijui. Binti ndiye anayeijua.

Nikatoa laini yangu, nikaitia yake kwenye simu yangu. Nikabonyeza zile namba za kuangalia usajili. Ikaja namba, na chini yake jina. Si "Zaituni". Majina matatu kamili, lake, la baba yake, la babu yake, kama alivyosajiliwa kwa alama ya kidole.

Kampuni ya simu, ambayo haijawahi kuona shamba lake, inalijua jina lake lote. Sisi, ambao ametuletea alizeti misimu mitano, tulikuwa tunajua theluthi yake.

Nikaandika mstari. Jina, la baba, la babu. Kitongoji kwa maneno. Ekari tatu na nusu. Simu. Nikamgeuzia kioo.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea.

"Umesoma mpaka mwisho? Hakuna kilichoshukia chini?"

"Hakuna, mama. Uko mstari mmoja."

Aliitikia kwa kichwa, akaipokea laini yake, akaifunga tena kwenye pindo. Hakunishukuru, na alikuwa na haki. Mtu hashukuru kwa kuandikwa kwa jina lake. Akiwa mlangoni akageuka, akasema wenzake nao wengi wana laini, wengine wameziweka kwenye kopo la chumvi, wengine kwenye Biblia, mmoja anayemjua kaificha kwenye ncha ya kiatu cha kuendea mazishini, na kwamba kesho ni siku ya mnada, wengi watashuka.

Sikuwa nimefikiria mnada. Nilikuwa naangalia kioo tangu Jumatatu nikidhani kazi yote iko humo ndani.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Madaftari nimeyamaliza, na nimetengeneza nakala tatu za jedwali. Moja iko kwenye flashi ndani ya mkoba, na mkoba uko mapajani kwangu hapa ninapoandika. Kompyuta nimeiwekea neno la siri ambalo Katibu hatalijua mpaka Ijumaa saa saba mchana. Akikasirika, akasirike. Kama mwezi wa pili mkataba wangu hautaongezwa kwa sababu ya neno la siri na wanawake hamsini na nane, nitajua niliachishwa kwa kitu gani, jambo ambalo si kila mtu analipata.

Wamebaki arobaini tusio na simu zao.

Kesho nitaitoa meza ya ofisi mpaka mnadani, niiweke pale wanapopita wanawake wenye kuku na vitunguu kabla hawajafika kwenye ng'ombe. Sijaomba ruhusa na sitaomba. Zaituni ameshapeleka habari. Amesema atapita vitongoji vya juu leo hii hii. Kila anayekuja nitamuuliza ekari zake yeye, siyo za mtu mwingine, na nitaandika nitakachoambiwa.

Watakuja wote arobaini? Hapana. Najua hawatakuja wote. Kuna wagonjwa, kuna wenye vichanga, kuna ambao waume watawaambia acha upuuzi. Hao nitawafuata makwao Ijumaa alfajiri. Baiskeli ya dada yangu haina breki ya nyuma, lakini inapanda. Ijumaa saa sita mchana si karibu sana kwa mtu aliyeondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri.